Kuishi Ingå, manispaa ya lugha mbili kwenye pwani ya Ufini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ingå iko wapi?

Kusini mwa Ufini, ufukweni mwa Ghuba ya Ufini, kama kilomita 60 magharibi ya Helsinki kwa barabara namba 51. Wenyeji wanaosema Kiswidi huiita Ingå, wanaosema Kifini huiita Inkoo. Mashariki inapakana na Siuntio (Sjundeå), kaskazini na Lohja (Lojo), magharibi na mji wa Raasepori (Raseborg). Wakazi ni elfu tano na ushee, na wametawanyika: wako wa kijiji kikuu chenye kanisa la mawe na bandari ya boti, wako wa vijiji vya ndani kama Degerby, na wako wa visiwani. Kiangazi watu huongezeka sana, maana pwani yote imejaa nyumba za mapumziko za watu wa mjini.

Reli ya pwani inapita ndani ya manispaa, lakini usipange safari kwa kuitegemea hiyo tu. Treni za Helsinki–Turku husimama Karis, mji wa jirani upande wa magharibi, na treni za karibu hufika Siuntio. Aliye Ingå bila gari hutegemea basi. Angalia ratiba ya jioni na ya Jumapili kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, si baada yake.

Hawa wanaosema Kiswidi ni wahamiaji kutoka Uswidi?

Hapana, na ukiwaita Waswidi watakusahihisha, wengine kwa upole na wengine la. Ni Wafini ambao lugha ya mama yao ni Kiswidi. Walowezi waliosema Kiswidi walikuja kwenye pwani hii katika Zama za Kati, na Ufini yenyewe ilikuwa sehemu ya ufalme wa Uswidi hadi 1809, ilipochukuliwa na Urusi. Uhuru ulikuja 1917. Kifungu cha 17 cha katiba kinazitaja Kifini na Kiswidi kuwa lugha za taifa, zote mbili kwa hadhi moja. Kitaifa wasemaji wa Kiswidi ni kama asilimia 5 tu, lakini hawakuenea nchi nzima. Wamebanana pwani, hivyo katika manispaa fulani fulani wao ndio wengi.

Ingå ni mojawapo, ila kwa tofauti ndogo. Kuna manispaa za Ostrobothnia, kwenye pwani ya magharibi, kama Larsmo, ambako Kiswidi kinasemwa na karibu kila mtu. Ingå wasemaji wa Kiswidi ni kama nusu ya wakazi, na wa Kifini wanawafuata kwa karibu.

“Manispaa ya lugha mbili” maana yake kila mkazi anajua lugha zote mbili?

Hapa ndipo wageni wengi hujikwaa. Wajibu wa lugha mbili ni wa ofisi, si wa mtu. Manispaa inalazimika kumhudumia kila mkazi kwa Kifini au kwa Kiswidi, kwa lugha atakayochagua yeye, na bila kungoja aombe. Barua za kuitisha kikao cha baraza la madiwani na kumbukumbu zake hutolewa kwa lugha zote mbili. Lakini jirani yako halazimiki kujua chochote. Utakuta mzee wa visiwani ambaye Kifini chake ni cha kubabaisha, na familia iliyohamia kutoka Helsinki ambayo Kiswidi iliishia nacho shuleni.

Biashara binafsi nazo haziguswi na Sheria ya Lugha. Duka, gereji au saluni huhudumia kwa lugha inayotaka. Ukienda benki au kampuni ya simu ukadai Kiswidi “kwa sababu sheria inasema”, umedai kisichokuwepo.

Nani anaamua kwamba manispaa ni ya lugha mbili?

Takwimu. Sheria ya Lugha, namba 423 ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa 2004, inasema manispaa ni ya lugha mbili iwapo wasemaji wa ile lugha ya wachache, iwe Kifini au Kiswidi, wanafika asilimia 8 ya wakazi au watu 3,000. Ikishaingia, haitoki kirahisi: lazima wachache hao washuke chini ya asilimia 6 na pia wawe chini ya 3,000. Na hata wakishuka, baraza la madiwani linaweza kupendekeza ibaki vilevile. Serikali hupitia hesabu hizi kila baada ya miaka 10, na amri iliyopo sasa inahusu 2023 hadi 2032. Katika mpangilio huo kuna manispaa 33 za lugha mbili. Zenye Kiswidi peke yake ni 16, na zote ziko kwenye visiwa vya Åland.

Lugha ya walio wengi ndiyo hutangulia juu kwenye vibao vya barabarani. Ndiyo maana Ingå utasoma “Ingå” juu na “Inkoo” chini, kisha ukivuka mpaka kuingia Siuntio mpangilio unageuka. Siuntio na Kirkkonummi zamani zilikuwa na wasemaji wa Kiswidi wengi. Jiji la Helsinki lilipotanuka, familia za Kifini zikahamia na hesabu ikapinduka. Watu wa Ingå wanalijua hilo, na mjadala wa viwanja vipya vya makazi hauko mbali na mjadala wa lugha, hata pale ambapo hakuna anayelisema waziwazi.

Mimi lugha yangu ni Kiswahili. Nahesabiwa wapi?

Kwenye daftari la wakazi, linalotunzwa na wakala wa serikali unaojulikana kwa kifupi DVV, kila mtu huandikwa lugha moja ya mama. Moja tu, hata kama nyumbani mnasema tatu. Unaweza kuandikisha Kiswahili. Hapo hutahesabiwa upande wa Kifini wala wa Kiswidi, lakini bado umo kwenye jumla ya wakazi ambayo asilimia 8 inapigiwa hesabu.

Kilicho muhimu kwako zaidi ni kisanduku cha pili: lugha ya mawasiliano, yaani kontaktspråk kwa Kiswidi au asiointikieli kwa Kifini. Humo unachagua Kifini au Kiswidi, na ofisi za serikali huitumia kuamua barua zako ziandikwe kwa lugha gani. Usipokijaza kwa makusudi, tarajia barua za Kifini hata kama kozi unayosoma ni ya Kiswidi. Ukijaza vibaya unaweza kubadilisha baadaye kwa fomu ya DVV.

Nimehamia. Nianze na nini?

Kama unatoka nje ya Ufini, lazima ufike mwenyewe kwenye ofisi ya DVV. Beba pasipoti, kibali cha ukaazi, na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa kwa watoto. Vyeti vya kigeni viwe vimehalalishwa na, inapohitajika, vimetafsiriwa. Hapa ndipo mambo hukwama kuliko popote: cheti cha ndoa kikiletwa bila kuhalalishwa, ndoa inaweza kukaa muda mrefu bila kuingizwa kwenye daftari, na kila ofisi itakuona hujaoa au hujaolewa. Maliza kazi hiyo ungali nyumbani, ambako wizara na ubalozi unazifahamu.

Kama unahama kutoka manispaa nyingine ya Ufini, toa taarifa ya kuhama kwa DVV na kwa Posta, ambazo zina fomu moja ya pamoja. Mapema kabisa ni mwezi mmoja kabla ya kuhama, mwisho ni wiki moja baada yake. Ukichelewa, hata nafasi ya shule ya mtoto na huduma nyingine za manispaa zinaweza kusuasua, kwa sababu zote zinafuata anwani iliyo kwenye daftari.

Nijifunze Kiswidi au Kifini kwanza?

Jibu la kwamba “zote ni sawa” ni la kisheria, si la maisha. Angalia vitu vitatu.

Kwanza, kazi. Ukilenga kutunza wazee, shule za chekechea, bustani au kazi za mikono ndani ya Ingå na Raasepori, Kiswidi kitakufungulia milango haraka, maana walio nacho wanatafutwa. Ukilenga maghala, ujenzi au usafi huko Lohja, Espoo na Helsinki, anza na Kifini.

Pili, muda ulio nao. Kiswidi ni ndugu wa Kijerumani na Kiingereza, na aliyesoma Kiingereza kidogo hupata maneno mengi bure. Nomino zake zina makundi mawili tu, jambo dogo kwa mtu aliyekulia kwenye ngeli. Kifini kina viambishi vingi vya mwisho wa neno, na nomino ina maumbo 15 ya uhusika, yaani miisho inayoonyesha kazi yake katika sentensi, na huchukua muda mrefu zaidi. Faida yetu ni kwamba kulundika viambishi kwenye neno moja hakumtishi msemaji wa Kiswahili kama kunavyomtisha Mzungu. Halafu Kiswidi cha Ufini hakina ule mwinuko wa sauti wa Stockholm, na hutamkwa wazi, silabi kwa silabi. Kwa sikio letu ni nafuu. Usikilize Yle Vega, redio ya taifa ya Kiswidi, uone.

Tatu, watoto. Rudi kwenye swali hili baada ya kusoma lile la shule hapo chini.

Mpango wa kumsaidia mhamiaji kukaa nchini unaruhusu kozi kwa Kifini au kwa Kiswidi. Tangu 2025 wajibu huo, pamoja na huduma za ajira, uko mikononi mwa manispaa. Tatizo ni kwamba kozi za Kifini ni nyingi zaidi na ofisa aliyezidiwa kazi hukupeleka penye nafasi. Kama unataka Kiswidi, sema kwenye kikao cha kwanza kabisa, na hakikisha neno hilo limeandikwa ndani ya mpango wako kabla hujatia sahihi. Chuo cha Axxell, chenye tawi Karis, hutoa mafunzo hayo kwa Kiswidi.

Kwa uraia, lugha yoyote kati ya hizo mbili inatosha. Njia ya kawaida ni mtihani wa taifa wa lugha, YKI, ngazi ya 3 kati ya 6, unaofanywa kwenye karatasi ya kiwango cha kati. Nafasi za Kifini hujaa haraka sana usajili ukifunguliwa, na mitihani ya Kiswidi hufanyika mara chache kwa mwaka. Weka tarehe za usajili kwenye kalenda miezi kadhaa kabla. Kumbuka pia kwamba tangu Oktoba 2024 muda wa kawaida wa kuishi nchini kabla ya kuomba uraia ni miaka 8, si 5 kama zamani.

Mkiamua Kiswidi, bado mtahitaji Kifini cha dukani na cha garini. Hilo lisiwavunje moyo, lakini lisifichwe.

Mtoto aende shule ya lugha gani?

Shule zimetenganishwa. Manispaa ya lugha mbili hupanga elimu ya msingi kwa kila kundi peke yake: Kyrkfjärdens skola, kwa mfano, ni ya Kiswidi, na Merituulen koulu ni ya Kifini. Hakuna darasa la msingi la nusu kwa nusu.

Mtoto asiyejua lugha yoyote kati ya hizo huanza na elimu ya maandalizi: saa 900 kwa mwenye umri wa miaka 6 hadi 10, saa 1,000 kwa mkubwa zaidi, kisha anaingia darasa la kawaida. Lugha mtakayochagua kwenye maandalizi ndiyo kwa kawaida atakayomaliza nayo shule, hivyo uamuzi unafanywa siku ile ya kwanza, siyo baadaye.

Hesabu yetu ni hii. Kwenye shule za Kifini, Kiswidi huanza darasa la 6 na wengi hutoka wanajua kidogo. Kwenye shule za Kiswidi, Kifini huanza mapema zaidi, na mtoto anakisikia kila upande akiwa nje. Kwa hiyo mtoto anayepita shule ya Kiswidi katika eneo kama hili ana nafasi kubwa zaidi ya kutoka na lugha zote mbili. Upande wa pili wa shilingi: kama mna mpango wa kuhamia Tampere au Oulu ndani ya miaka miwili, mtamtesa, maana huko shule za Kiswidi ni chache mno na maisha yote ni Kifini. Amueni kwa kuangalia mtakapokuwa, si mlipo leo tu.

Usafiri: shule ikiwa mbali zaidi ya kilomita 5, manispaa hugharamia basi au teksi. Ikiwa njia ni ya hatari au ngumu mno kwa umri wa mtoto, anaweza kupata hata kama ni karibu. Safari na kusubiri, kwenda na kurudi, visizidi saa 2 na nusu kwa siku, au saa 3 kwa aliyefika miaka 13. Angalizo: haki hiyo ni ya kwenda shule aliyopangiwa. Ukimhamishia nyingine kwa hiari yako, manispaa inaweza kukuambia ujilipie. Na shule ya karibu ya Kiswidi si lazima iwe ile ya karibu ya Kifini, kwa hiyo ulizeni zote mbili kabla ya kuchagua nyumba.

Masomo ya Kiswahili kama lugha ya mama yanawezekana, ila ruzuku ya serikali kwa kawaida hutaka kundi la wanafunzi wasiopungua 4. Katika manispaa ndogo ni vigumu kuwapata, labda manispaa jirani ziungane. Wazazi wakiomba kwa pamoja, kwa maandishi, husikilizwa kuliko akiomba mmoja mmoja.

Nikiugua?

Afya na ustawi wa jamii si kazi ya manispaa tena. Tangu Januari 2023 ziko chini ya mikoa ya ustawi, na Ingå iko Uusimaa Magharibi (Västra Nyland), ambayo nayo ni ya lugha mbili. Dharura ni 112. Kwa ushauri wa haraka usio wa kufa na kupona piga 116117 kabla ya kwenda. Ukienda bila kupiga utakaa foleni muda mrefu.

Ukihitaji mkalimani, sema unapoomba miadi, si unapofika. Taja pia Kiswahili chako ni cha wapi. Wakimbizi wengi wa Kongo waliopokelewa na Ufini wanasema Kiswahili cha Kivu au cha Katanga, na mkalimani wa Dar es Salaam anaweza kupotea katikati ya maelezo ya dalili. Kama Kinyamulenge au Kifaransa kinakukaa vizuri zaidi, omba hicho. Usimtumie mtoto wako kutafsiri kwa daktari, hata kama yeye ndiye anayejua lugha kuliko wote nyumbani.

Lazima nijue lugha zote mbili ili kuajiriwa na manispaa?

Inategemea kazi. Kwa nafasi nyingi manispaa yenyewe ndiyo hupanga masharti ya lugha, na tangazo huyataja. Soma kama limeandika kwamba lugha ya pili “inahitajika” au ni “faida”. Likisema faida, tuma maombi hata kama unayo moja tu.

Naweza kupiga kura?

Kwenye uchaguzi wa manispaa na wa mkoa wa ustawi, ndiyo, bila kuwa raia: uwe umefika miaka 18 na Ufini imeandikwa kuwa makao yako kwa miaka 2 mfululizo. Raia wa Umoja wa Ulaya na wa nchi za Nordik hawana sharti la miaka miwili. Uchaguzi uliopita ulikuwa Aprili 2025, na hufanyika kila miaka 4. Wa bunge na wa rais ni wa raia tu.

Kwa nini Degerby kuna makumbusho yanayohusu Warusi?

Kwa sababu Degerby, iliyokuwa manispaa yake yenyewe wakati huo, ilikabidhiwa Umoja wa Kisovieti. Katika mapatano ya Septemba 1944 Ufini ililazimika kukodisha eneo la Porkkala kwa miaka 50 liwe kambi ya jeshi la majini. Wakazi walipewa siku 10 kuondoka na mifugo, nafaka na vyombo. Wengi wao walikuwa wasemaji wa Kiswidi. Treni za Kifini ziliporuhusiwa kukatiza eneo hilo, mabehewa yalifungwa madirisha kwa mbao abiria wasione nje, na watu wakaiita njia hiyo handaki refu kuliko yote. Degerby iliunganishwa na Ingå 1946, na eneo likarudishwa mapema, Januari 1956. Waliorudi walikuta nyumba zimebadilishwa au hazipo kabisa. Makumbusho ya Degerby Igor yanahifadhi habari za kipindi hicho.

Ile meli kubwa bandarini ni ya nini?

Inaitwa Exemplar, ina urefu wa karibu mita 291, na ni kituo kinachoelea cha gesi. Meli nyingine huleta gesi iliyopozwa hadi kuwa kimiminika, Exemplar huirudisha kuwa gesi na kuisukuma kwenye mabomba. Ilifika mwishoni mwa Desemba 2022 baada ya gesi ya Urusi kukatika, kwa mkataba wa miaka 10. Hapohapo ndipo linapoanzia bomba la Balticconnector la kwenda Paldiski, Estonia, lililopasuliwa na nanga ya meli Oktoba 2023 na kufunguliwa tena Aprili 2024. Ilichaguliwa Ingå kwa sababu bandari yake ina kina kirefu, urithi wa kituo cha umeme cha makaa ya mawe kilichofungwa 2014 na kubomolewa baadaye.

Visiwani nafikaje, na naruhusiwa kuvua samaki?

Barösund kuna pantoni ndogo inayovutwa kwa waya. Ni sehemu ya barabara ya umma, hivyo hulipi kitu, wewe wala gari lako. Gari liwe na matairi ya baridi kati ya Novemba na Machi kila hali ya hewa au ya barabara inapodai, na kina cha kashata za tairi kisipungue milimita 3. Barabara za vijijini huku hugeuka barafu kwanza na kusafishwa mwisho.

Kuvua kwa fimbo ya kawaida na chambo, au kupitia tundu kwenye barafu, ni bure kwa kila mtu. Ukitumia fimbo yenye gurudumu na chambo bandia, mwenye miaka 18 hadi 69 lazima alipe ada ya uvuvi ya serikali, na mkaguzi akikukuta bila risiti utatozwa faini. Nyavu ni jambo jingine kabisa: zinahitaji idhini ya mwenye maji, na maji ya pwani hii kwa sehemu kubwa yana wenyewe. Matunda ya porini na uyoga vinaruhusiwa kuchumwa kwenye misitu ya watu, lakini usikanyage ua wa nyumba wala kufunga mashua kwenye gati la mtu. Boti ikikwama baharini, piga 112 au namba ya uokoaji wa baharini, 0294 1000. Pakua mapema programu ya 112 Suomi kwenye simu, maana hutuma mahali ulipo yenyewe, na kisiwa kisicho na kibao ni kigumu kukielezea kwa lugha yoyote.